Karoti Haina Vitamini A (Na Mimi Nilidanganya Darasa Zima)

Najua nimeadimika humu kama maji ya bomba bwenini. Nilikuwa BTP jamani, wiki kadhaa za kuvaa viatu vya heshima na kuitwa "madamu" na watoto wanaonizidi urefu. Nimerudi salama, sauti imekauka na vumbi la chaki bado limo kwenye mkoba. Nina mengi ya kusimulia (ikiwemo siku niliyokimbizwa na bata mzinga wa jirani na shule, hiyo nawawekea kiporo), ila leo nina dukuduku moja ambalo nisipolitoa sitalala.

Nilidanganya darasa zima la kidato cha pili. Sikukusudia. Nilifundisha nilichofundishwa, nacho ni kile kile ambacho wewe unayesoma hapa ulifundishwa, na mwakani utakwenda kukifundisha tena. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa mada ya lishe. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: Vitamini A, karoti, mchicha, papai, maembe, kazi yake macho. Watoto wakanakili. Kengele ikalia. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanifuata mlangoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Samahani madamu. Mdogo wangu jua likizama anajikwaa. Anapapasa ukuta. Na sisi nyumbani mboga ni majani kila siku, tunalima wenyewe."

Nikamjibu bila hata kusita: "Mwambie mama aongeze karoti."

Akasema, "Ahsante madamu," akaondoka. Ile ahsante mpaka leo inaniwasha.

Bahati nzuri nikaisimulia habari hiyo ofisini, kama kitu cha kawaida tu. Mwalimu mmoja mtu mzima, mama yetu pale ofisini, akaweka kikombe chake cha chai chini. Akaniambia: "Mwanangu, mtoto asiyeona jioni hapelekwi sokoni kununua karoti. Anapelekwa zahanati. Leo." Akamwita yule binti mwenyewe, akampa ujumbe wa mama yake. Mtoto akapelekwa, akapewa matone ya vitamini A na kupangiwa kurudi. Wiki iliyofuata dada yake alikuja kuniambia kwamba mtoto amepita sebuleni jioni bila kugonga kigoda. Akaniambia ahsante ya pili. Hiyo nikaipeleka kwa mwenyewe, maana haikuwa yangu.

Nikabaki na swali. Kama mchicha una vitamini A na mtoto anakula mchicha kila siku, ilikuwaje?

Jibu la kwanza litawashangaza wengine. Mchicha hauna vitamini A. Karoti haina. Papai halina. Embe halina. Vitamini A yenyewe, ile ambayo mwili unaitumia, inaitwa retino, nayo iko kwenye vyakula vya wanyama: maini, mayai, maziwa, samaki. Karoti na majani vina beta-karotini, yaani malighafi. Ni sawa na mtu akuombe mkate ukampa gunia la ngano. Ngano ni kitu kizuri, sikatai, lakini kuna kazi ya kusaga na kuoka katikati.

Kazi hiyo inafanyika zaidi ukutani mwa utumbo mdogo. Kuna kimeng'enya kinachoitwa BCO1 ambacho hukata molekuli ya beta-karotini katikati, na vile vipande viwili ndivyo vinavyogeuka kuwa vitamini A. Baadaye mwili unaihifadhi, na ghala lake kubwa ni ini. Ndiyo sababu maini ya ng'ombe yana vitamini A nyingi namna ile: ng'ombe ameshatusagia na kutuokea. Mwaka 1930 Mwingereza Thomas Moore alionyesha kwa panya kwamba karotini wanayolishwa inageuka kuwa vitamini A kwenye ini. Hii si habari mpya basi. Karibu karne moja imepita na mimi bado naandika ubaoni "karoti: vitamini A".

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niache kupiga msuli wa mtihani na kusoma mambo ya jeni hadi saa nane usiku. Kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni za watu hazifanani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu tofauti mbili ndogo kwenye jeni ya BCO1. Waliwapa beta-karotini wanawake wa kujitolea, kisha wakapima kwenye damu ni kiasi gani kimegeuzwa. Wenye tofauti moja kati ya zile mbili, ugeuzaji wao ulikuwa chini kwa asilimia 32. Wenye zote mbili kwa pamoja, chini kwa asilimia 69. Na hizi si tofauti za mtu mmoja kwa milioni, katika kundi walilolipima zilikuwa za kawaida kabisa.

Yaani mimi na wewe tunaweza kukaa meza moja kafeteria, tukala sahani mbili za mchicha zilizopakuliwa kwa upawa mmoja, wewe ukanyanyuka na vitamini A ya kutosha na mimi nikanyanyuka na theluthi ya hiyo. Wala hakuna atakayejua.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Kiwango kinachotumika Marekani ni mikrogramu 700 za vitamini A kwa siku kwa mwanamke na 900 kwa mwanaume. Kwa vyakula vya mimea, wataalamu wanakadiria kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini zinatoa mikrogramu 1 ya vitamini A. Kwa kipimo hicho, nusu kikombe cha spinachi ya kuchemsha kinahesabiwa mikrogramu 573. Safi sana, umebakiza kidogo tu kufikisha 700. Lakini ile 12 kwa 1 ni wastani! Tuchukulie wewe ni yule wa kupungukiwa asilimia 69. Ile 573 inakuwa kama 178. Jedwali linasema umeshiba vitamini A, mwili unasema bado.

Yai moja kubwa lina mikrogramu kama 75. Ni kidogo, lakini hizo 75 ni retino tayari. Hazimuulizi mtu jeni zake.

Kuna mnyama anatufundisha hili vizuri kuliko kitabu, naye ni paka. Paka karibu hawezi kabisa kugeuza beta-karotini. Mlishe karoti mwaka mzima, ataishiwa vitamini A. Lazima apate nyama, na hasa maini. Sasa cheka kidogo: wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walieneza habari kwamba marubani wao wanatungua ndege za Wajerumani usiku kwa sababu wanakula karoti. Rubani mmoja maarufu, John Cunningham, akapewa jina la "Macho ya Paka". Ukweli ni kwamba walikuwa na rada ndani ya ndege na hawakutaka adui ajue. Kwa hiyo ule msemo wa "kula karoti uone vizuri" ambao bibi zetu na walimu wetu wametuimbia ulipewa nguvu na siri ya kijeshi, na wakamsingizia mnyama ambaye karoti haimsaidii kitu. Ha ha ha!

Haya, hoja yangu sasa. Nasema hivi: sisi walimu watarajiwa tuache kufundisha vitamini A kama orodha ya mboga. Tufundishe kwamba ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni retino, tayari kwa matumizi. Mlango wa pili ni karotini, ambayo inapaswa kugeuzwa, na uwezo wa kugeuza unatofautiana mtu na mtu. Mtoto akielewa hivyo, hata asipolikumbuka jina la kimeng'enya, atajua kwamba kula majani kila siku si cheti cha kwamba nyumbani hakuna tatizo.

Nilipomwambia hivi mwenzangu wa chumbani (anasoma baiolojia na ana ulimi kama wembe), alinirukia. "Kwa hiyo dada unataka kuwaambia watu mboga za majani hazina maana? Watu ambao hata hiyo mboga wanaipata kwa shida?"

Swali zuri, na nilistahili kuulizwa. Jibu ni hapana. Mboga zinafanya kazi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Msumbiji vijijini, ambako familia zilipewa mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa pamoja na elimu ya lishe, na kiwango cha vitamini A kwenye damu za watoto wadogo kilipanda. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa jeni. Kazi ya viazi hivyo ilipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na mmoja wa waliopewa ni Robert Mwanga wa Uganda, ndugu yetu wa Afrika Mashariki kabisa. Kwa hiyo kiazi cha njano kinasaidia. Ninachosema ni kwamba kinachosaidia kijiji kwa wastani hakimfikii kila mtoto wa kijiji kwa kipimo kile kile, na mwalimu anafundisha watoto, hafundishi wastani.

Tena jeni si kitu pekee. Beta-karotini inahitaji mafuta ili ipenye utumboni. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu unapoteza nafasi nyingi. Huo huo ukiungwa kwa karanga, nazi au mafuta kidogo unakuwa kitu kingine. Kupika na kuponda kunasaidia pia, karoti mbichi inaachia kidogo kuliko iliyopikwa. Kuharisha, minyoo na surua vinaharibu mpango wote. Kwa hiyo simpigi yule mtoto muhuri kwamba ana jeni fulani. Nasema tu kwamba mimi nilizifunga sababu zote hizo kwa neno moja, karoti.

Na isije ikawa mtu amesoma hapa akaanza kulia kwamba jeni zake zimemwangusha. Tulieni. Kwanza, wale wanawake wa Newcastle walikuwa watu wazima wenye afya yao. Mtu anaweza kugeuza kidogo na akaishi vizuri tu, mradi anapata retino mahali pengine. Mwili pia una akili yake: ukiwa na akiba ya kutosha unapunguza kugeuza, ukiwa na upungufu unaongeza. Shida inakuja pale mlango wa retino unapofungwa kabisa, ukabaki na mlango wa karotini peke yake, na huo mlango wenyewe kwako ni mwembamba. Hapo ndipo wanapoingia watoto wadogo, wajawazito, wanaonyonyesha, watu wasiokula chochote cha mnyama kwa imani au kwa hiari, na sisi tunaoishi kwa ugali maharage tangu bumu liishe mpaka bumu lirudi.

Pili, huhitaji kupimwa jeni. Sioni haja ya mwanafunzi kutoa hela kwa ajili ya kipimo ambacho jibu lake, liwe ndiyo au hapana, linakupeleka kwenye ushauri ule ule: usitegemee karotini peke yake.

Basi tufanyeje na mifuko hii iliyotoboka? Nimejiwekea utaratibu, si dawa, ni utaratibu wa mwanachuo:

Mayai. Yale ya kuchemsha ya wapita njia, na kachumbari yake. Na ndiyo, chipsi mayai inahesabika! Kwa mara ya kwanza katika historia ya blogu hii natetea chipsi mayai. Mayai mawili ni kama mikrogramu 150. Msizidishe tu mkasema madamu karuhusu.

Dagaa. Samaki mdogo anayeliwa mzima na vilivyomo ndani yake ana faida ambayo huipati kwenye minofu mitupu. Acheni kuwadharau dagaa mbele za wageni.

Maini, kidogo na si kila siku. Gramu 85 za maini ya ng'ombe yaliyokaangwa zina kama mikrogramu 6,580. Hiyo ni zaidi ya siku tisa za mwanamke kwenye sahani moja. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha sana. Sababu ya kusema "kidogo" nitaisema sasa hivi.

Mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, na mafuta ya kula yamo. Inayoongezwa ni retino, yaani mlango wa kwanza, hivyo jeni haikuzuii. Soma lebo. Ila mafuta mengi ya viwanda vidogo hayaongezwi, na vitamini A haipendi mwanga wala hewa, kwa hiyo yale ya kupima yaliyokaa juani kwenye chupa nyeupe usiyategemee kwa hilo.

Na mboga, mboga, mboga. Zenye mafuta. Sijabadilisha dini.

Sasa ile "kidogo". Retino ikizidi ni sumu, kwa sababu mwili unaihifadhi na hauitoi kirahisi. Kikomo kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku kama ni kitu cha kila siku. Mjamzito asile maini ovyo wala asimeze vidonge vya vitamini A bila kuambiwa na mkunga au daktari, maana ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na wale mnaosema "basi ninunue vidonge vya beta-karotini, hivyo havina sumu", subirini. Ufini waliwapa wanaume wavutaji sigara miligramu 20 za beta-karotini kila siku, na matokeo yaliyotoka mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Marekani nao walisimamisha utafiti kama huo mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karoti ya kwenye sahani haijafanya hivyo. Vidonge mwachieni daktari.

Kwa watoto chini ya miaka mitano yako yale matone. Kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi sita, mpaka wafike miaka mitano. Kama una mdogo wako, mpwa au mtoto wa dada, piga simu leo uulize kama alipelekwa. Mimi nimempigia mama. Amesema, "Huyu kampeleka baba yenu, mbona unauliza kama mpelelezi?" Nikamwambia shikamoo mama, ni masomo tu.

Na neno la mwisho kwa wenzangu wa ualimu, hasa mnaoenda BTP mwakani. Tunafundishwa sana namna ya kuandaa andalio la somo, namna ya kusimama, namna ya kutumia ubao. Hatufundishwi sana namna ya kusema "ngoja niulize" mtoto anapoleta swali la nyumbani kwao. Yule binti hakuwa anajiandaa na mtihani. Alikuwa anamwombea mdogo wake msaada, na mimi nikampa jibu la mtihani. Kwenye mtihani "karoti" ingepata vema. Nyumbani kwao ingemwacha mtoto anapapasa ukuta.

Kipindi cha mwisho kabla sijaondoka, nilirudi darasa lile. Nikaandika tena ubaoni Vitamini A, nikachora milango miwili, nikawaambia nilichowafundisha mwanzo kilikuwa nusu. Mvulana mmoja wa mbele akauliza, "Madamu, kwa hiyo tukate kwenye daftari?" Nikamwambia usikate, ongeza. Wakaongeza. Yule binti wa dawati la nyuma alimaliza kuandika wa kwanza.

Haya, nimetua mzigo. Wenzangu mliotoka BTP, nanyi mlidanganya nini ubaoni? Semeni hapo chini, tusicheke peke yetu. Wa baiolojia mnaoona nimekosea mahali nisahihisheni, ila kwa upole, bado nina uchovu wa safari.

Naenda kutafuta yai.